Baba, Damu Yako Ilikwenda Wapi?

Shikamoo Baba.

Najua hutaitikia, lakini siwezi kusema na wewe bila kukuamkia kwanza. Hasira niliyo nayo haijanifikisha huko. Mama anasema marehemu hasemeshwi kwa hasira, marehemu anaombewa dua. Dua nimekuombea. Sasa nataka kusema.

Wamerudi, Baba. Wale watu wa damu wamerudi.

Walikuja baada ya mavuno, na gari jipya, wakasimama mbele ya ofisi ya kijiji kama zamani. Wa kwanza kushuka alikuwa yule Mzungu mrefu, sasa nywele zimeanza kuwa nyeupe. Akampa Mwenyekiti mkono, halafu akauliza, "Mzee Sefu yuko wapi?" Alikuuliza wewe, kwa jina lako. Mwenyekiti akamwambia umefariki. Akasikitika, na nadhani alisikitika kweli. Kisha akauliza kama umeacha watoto.

Nilikuwa nimesimama pale na jembe langu begani. Baba, jembe likanishuka.

Unaikumbuka siku yao ya kwanza? Tulikuwa hatujakaa sana tangu kuhamishiwa kijijini. Nyumba zilikuwa miti mitupu, nyingine hazijakandikwa udongo, na watu walikuwa bado wanalilia mashamba waliyoyaacha kule bondeni. Ndipo gari likaja na watu wenye makoti meupe, na Mwenyekiti akatangaza kwamba kila mtu mzima ajitokeze atolewe damu kidogo kwa ajili ya utafiti wa afya. Watu wakasema ni mumiani. Wanawake wakakimbilia kwenye mahindi na watoto wao. Mwenyekiti alipiga kelele za maendeleo mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyesogea.

Wewe ndiye uliyetoka. Ulikunja mkono wa shati lako la kaki, ukakaa kwenye kile kiti, ukasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mumiani hapigi hodi ofisini." Watu wakacheka. Kisha wakaanza kujipanga nyuma yako, mmoja mmoja, na mimi nikiwemo.

Nilijua kwa nini uliamini. Mama alipomzaa mdogo wetu wa mwisho katika hospitali ya Korogwe alitokwa na damu karibu afe, wakamtia damu ya mtu mwingine. Uliporudi nyumbani uliwaambia majirani, "Kuna mtu simjui jina, simjui kabila wala dini, damu yake sasa inanisongea bada ya muhogo nyumbani kwangu." Tangu siku hiyo uliona kwamba mtu akiombwa damu hana haki ya kuinyima. Ulisema damu si ya mtu, inapita tu kwake.

Hao wageni hawakujua walikuwa wanachota kwa mtu wa namna gani. Au walijua. Sijui lipi baya zaidi.

Waliporudi mara ya pili walikutafuta wewe. Wakakutoa damu nyingi kuliko mara ya kwanza, wakaziweka chupa ndani ya kasha la barafu, wakakupa mche wa sabuni na sukari. Yule kijana wa Kipare aliyekuwa mkalimani wao, aliyesema yuko chuoni anasomea udaktari, ndiye aliyekueleza. Alisema katika damu yako kuna kirusi kinachokaa kwenye ini. Alisema usiwe na wasiwasi, una nguvu zako, endelea na kazi, watakuletea jibu kamili.

Ulirudi nyumbani kama mtu aliyeteuliwa. Mama akakuuliza hicho kirusi ni kitu gani na kinafanya nini. Ukamjibu, "Watasema wakirudi."

Hawakurudi. Mvua zikaja zikaisha, zikaja nyingine. Tukakandika nyumba, tukapanda shamba la kijiji, pamba ikakubali mwaka mmoja na mwingine ikakataa. Na kila gari lilipounguruma kwenye barabara ya Handeni uliinua kichwa shambani. Sisi tulikucheka, tukasema Baba anamngoja Mzungu wake. Wewe hukukasirika. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ungekasirika hata mara moja! Ungesema hata mara moja kwamba hawa watu wamekudharau.

Kisha ukaanza kukonda. Jembe likawa zito. Macho yakawa na rangi ya manjano, tumbo likajaa, miguu ikavimba. Jirani mmoja akasema umerogwa kwa sababu ya lile shamba letu tuliloliacha bondeni, wengine wakaleta mizizi. Uliinywa kwa heshima ya waliokuletea. Lakini kila ulipoweza kusema ulisema jambo moja, "Wale walisema kuna kitu kwenye damu. Wao ndio wanajua."

Tulikupakia juu ya lori la mahindi kwenda Korogwe. Njiani kote nilishika kichwa chako kisigonge ubao. Na pale wodini, aliyekuja kukupima akiwa na koti lake jeupe alikuwa yule yule Mpare. Alikuwa daktari sasa. Alikubonyeza tumbo kidogo tu, akakufahamu. Niliuona uso wake ukibadilika, Baba. Huwezi kunidanganya kwamba sikuuona.

Alinitoa nje barazani. Akaniambia ini limekwisha, kile kirusi kimelila miaka yote hii, na sasa ni saratani. Nilimuuliza dawa. Akanieleza, na mimi nikamsikiliza nikiwa nimeshika nguzo.

Alisema dawa ipo inayojaribiwa huko Ulaya na Amerika, inaitwa interferoni. Alisema mwili wenyewe ukivamiwa na kirusi hutoa kitu cha kuzionya sehemu nyingine zijifunge milango. Wataalamu wamejifunza kukikamua kitu hicho kutoka katika damu ya watu, kwenye zile chembe nyeupe. Damu ya umati mzima inakamuliwa ipatikane dawa ya kumtosha mgonjwa mmoja. Wanawadunga wenye kirusi cha ini na wenye saratani za aina fulani. Wengine wanapata nafuu, wengine wanaishia kutetemeka kwa homa bila faida. Hata huko inagombaniwa. Hapa kwetu haipo, na kwa hali uliyofikia hakutaka kunidanganya kwamba ingekuokoa.

"Na wakati ule mlipomkuta ana nguvu zake?" nikamuuliza.

Akasema wakati ule dawa hiyo ilikuwa ngumu zaidi kuipata. Mimi sikumwaga chozi mbele yake.

Nilipoingia ndani ulikuwa umesikia. Dirisha lilikuwa wazi. Nilidhani utalia. Ukacheka, Baba, kicheko kidogo kilichokuumiza mbavu, ukasema, "Kumbe dawa yenyewe inatoka kwenye damu. Basi waniletee ile yangu."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka pamoja nawe. Mimi nilitoka nikaenda nyuma ya jiko la hospitali, nikapiga ukuta kwa ngumi mpaka mkono ukachubuka.

Tulikutoa tukakupeleka kwa Shangazi, Old Korogwe, kwa sababu lori la Handeni lilikuwa halina mafuta na hukuweza kungoja. Shangazi alikulaza chumba cha mbele, upepo wa mtoni unaingia. Alikupikia uji wa mchele aliouhangaikia kwenye foleni, ukanywa vijiko vichache kwa kumridhisha. Siku uliyokufa ulikuwa unaniuliza kama kunde zimepaliliwa. Nilikuwa nakujibu, nikaona hunisikii tena.

Tukakuzika palepale, mbali na baba yako na babu yako, mbali na sisi. Hilo nalo nimewaandikia wale watu wa damu, kwenye deni lisilolipika.

Sasa nirudi pale mbele ya ofisi ya kijiji, siku waliyorudi wale wageni.

Mwenyekiti aliita watu. Akasema, "Ndugu wananchi, wageni wetu wamerudi kuendelea na kazi yao njema, naomba mwonyeshe ushirikiano kama alivyokuwa akifanya marehemu Mzee Sefu." Akaninyooshea mkono nije mbele, mimi mwanao wa kwanza, nikunje mkono wa gauni kama wewe ulivyokunja wa shati. Watu wakaanza kusimama. Walikuwa wananingoja mimi, kama siku ile walivyokungoja wewe.

Nilikwenda mbele. Sikukaa kwenye kiti.

Nikasema, "Kabla ya yangu, nionyesheni ya Baba. Ilikwenda wapi na ilisema nini?"

Mwenyekiti akaniambia, "Mama Rehema, hawa ni wageni wa serikali." Nikamwambia hata mimi ni wa serikali, nililima shamba la kijiji nikiwa na mimba ya mwezi wa kuzaa, sikukosa zamu. Akaniambia niketi. Sikuketi. Nikawaeleza watu yote: kirusi, ini, jibu lililoahidiwa, lile lori la mahindi, na dawa inayokamuliwa kwenye damu huku waliotoa damu wakifa kwa kuikosa. Sikusema vizuri, Baba. Mengine niliyarudia, na nilimwita yule Mzungu mwizi mbele ya watoto. Ungekuwepo ungeniomba nimtake radhi. Simtaki.

Nyuma yangu wanawake wakateremsha mikono ya nguo zao. Sikuwageukia, ila nilisikia wakirudi kukaa chini.

Ndipo yule daktari wa Kipare, aliyekuja nao tena, akasimama. Yule Mzungu alimwambia kitu kwa lugha yao, lakini yeye akatugeukia sisi. Akatuambia ukweli. Damu yetu ilipimwa. Walikuta wengi kijijini wana kirusi kile. Wakaandika mambo hayo, yakasomwa na wataalamu wenzao mbali sana na hapa. Hakuna damu ya mtu yeyote wa hapa iliyofanywa dawa, ilikuwa ya kupimwa tu. Na hawakurudi kutuambia kwa sababu hawakuwa na dawa ya kutupa. Akasema, "Tuliona aibu kurudi mikono mitupu."

Nikamwambia, "Mngerudi hata na maneno."

Akaketi. Yule Mzungu akapanda gari, akafunga mlango kwa nguvu, wakaondoka na makasha yao bila tone. Mwenyekiti hakunisemesha mpaka mwezi ulipoandama tena. Wengine kijijini walinilaumu, wakasema nimefukuza neema, kwamba labda safari hii wangeleta hiyo interferoni.

Lakini daktari alirudi, Baba. Alikuja peke yake, kwa basi, akashukia njiani akatembea. Akakaa kwenye zahanati yetu, akawaita wale waliotolewa damu pamoja na wewe, mmoja mmoja, mlango umefungwa, akamwambia kila mtu lililokuwa limeandikwa juu yake miaka yote hiyo. Akatueleza tusichangie wembe, si wa kunyolea wala wa kuchanjia. Akamweleza mkunga wetu namna ya kujikinga na damu ya wanaojifungua. Akawakataza pombe wenye kirusi. Ni maneno tu, unaona? Yangeingia kwenye sikio la mtu kwa muda wa kunywa maji. Ndiyo waliyotunyima.

Nami niliitwa. Ninacho, Baba. Nilikuwa nacho siku ile ile niliyosimama kwenye mstari nyuma yako. Anasema huenda nilikipata utotoni, nyumbani, hakuna ajuaye. Ini langu bado zima kwa anavyoona. Wanangu amewatoa damu kwa ruhusa yangu, na ameahidi jibu. Nilimwambia ahadi ya jibu tunaijua. Akasema anastahili kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo sasa kila nikipata lori nakwenda Korogwe hospitali. Simwendei daktari kwa ugonjwa. Namwendea kumuuliza kama majibu ya wanangu yamefika, na kama interferoni imefika. Mara ya kwanza alinieleza kwa urefu kwa nini haijafika. Sasa ananiambia "Bado," mimi namwambia nitarudi. Juzi nilikwenda na wenzangu wawili wa kijijini, nao wakauliza. Muuguzi mmoja alituambia tunasumbua watu wenye kazi. Nikamwambia ndiyo.

Mama anaogopa hasira hii itaniua kabla ya ini. Hajui kwamba ndiyo inayoniamsha. Nimechukua ugonjwa wako, Baba, sikuchukua subira yako. Na nisamehe kwa hili: sipendi ile subira. Nilikupenda wewe. Nilipenda ulivyokunja mkono wa shati na ulivyomshukuru mtu usiyemjua. Lakini kule kuinua kichwa shambani kila gari likipita, halafu kuinama tena ukalima, kunanichoma kuliko kitanda chako cha hospitali.

Pumzika sasa. Usisikilize tena magari.

Lori linaondoka Jumatatu. Nikimaliza hospitali nitavuka nije Old Korogwe, nipalilie kaburi, nikae hapo chini nikwambie alichonijibu, iwe ni "Bado" au ni kingine. Nitafanya hivyo kila niendapo, mpaka miguu ikatae. Wao hawakukuletea jibu. Mimi nitakuletea.

Mwanao,
Mwajuma