Picha Arobaini na Tatu za Mkeka

Neiafu, Vavaʻu
Jumamosi, 14 Juni

Dada yangu mpendwa Lavinia,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya Sydney uliyoilalamikia haijakushinda, na wale wazee unaowaogesha kazini hawakusumbui sana. Sisi huku tunaendelea. Goti la Bibi bado linamuuma akipanda ngazi za kanisa, lakini mdomo haumuumi. Juzi alimwambia mchungaji mbele za watu kwamba wakati mahubiri yanaanza yeye alikuwa bado msichana. Viazi vikuu vimevunwa. Mbwa amezaa tena chini ya nyumba, watoto watano.

Dada, barua hii nimeianza mara tatu na kuichana. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Bibi, si mchungaji, wala Mama Lupe mwenyewe, ambaye ndiye mwenye haki ya kuambiwa. Nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali na sitauona uso wako ukiisoma. Najua hiyo si sababu nzuri.

Linahusu kamera uliyonitumia. Kitabu chake cha maelezo nimekisoma mpaka jalada limetoka. Bibi anasema katika visiwa vyote hivi ni mimi peke yangu ninayesoma kitabu cha mashine kama Zaburi. Jumapili ya Watoto mwezi uliopita niliwapiga picha watoto wote wakiwa na nguo zao nyeupe, zikatoka vizuri, na watu wakaanza kuniita mpiga picha. Nilifurahi kupita kiasi. Wiki iliyofuata Mama Lupe akaja nyumbani.

Unamkumbuka mumewe, Mzee Filimone, aliyekuwa msemaji wa mtemi wetu katika kila kikao cha kunywa kava, yule ambaye tulikuwa tunatoka barabarani na kukaa chini tukimwona anakuja. Labda unakumbuka pia kwamba hakupenda picha. Mtu akiinua simu, yeye aliinua kiganja. Mama Lupe alisema kwamba katika simu za watoto wao wanne walioko ng'ambo, baba yao ni kiganja na mgongo, basi. Sasa mzee alikuwa na miaka themanini na moja na moyo wake ulikuwa unachoka. Mama Lupe alimbembeleza mwaka mzima, na mwishowe akakubali, lakini kwa sharti moja. Alitaka apigwe picha na yule mtoto aliyesoma neno kanisani Jumapili ya Watoto bila kukwama. Alisema mtu anayesoma polepole namna ile hana haraka ya kumwaibisha mtu.

Mama Lupe akaniambia nisifikirie malipo, atanisukia kiekie, mshipi wa kujifunga kiunoni. Akanisukia kweli, Dada. Ina nyuzi ndefu zinazofika magotini, na makombe madogo ya konokono wa baharini yameshonwa mwisho wa kila uzi. Aliniletea hata kabla ya siku ya picha.

Nilikwenda Jumamosi asubuhi, tarehe 24 Mei. Mzee alitoka chumbani amevaa shati jeupe na ule mkeka mkubwa wa kiunoni ambao Mama Lupe alimsukia mwaka walipooana. Mama Lupe akamwambia amependeza kama siku aliyokuja kumposa, ila siku hiyo alikuwa na meno. Mzee akajibu kwamba siku hiyo yeye Mama Lupe alikuwa na adabu. Kisha akaniuliza mimi kama kamera inauma. Nikacheka, nikasema haiumi, na hilo ndilo neno pekee nililomwambia kwa sauti ya kusikika siku ile.

Akaenda kukaa mahali pake. Unapajua, pale mbele penye nguzo, mlango mkubwa ukiwa mgongoni kwake, mahali ambapo msemaji wa mtemi hukaa na hakuna mwingine. Mwanga wote wa asubuhi ulikuwa unaingia kwa nyuma yake. Kitabu changu kinasema wazi, ukurasa wa kumi na tisa, kwamba mtu asikae na mwanga mgongoni, uso utakuwa mweusi. Nilikijua kile kitabu kwa moyo. Lakini ningemwambiaje Mzee Filimone ainuke pale, akae upande wa kina mama karibu na dirisha? Nani amewahi kumwambia Mzee Filimone akae wapi?

Wala sikusimama. Ningesimamaje, kichwa changu kiwe juu ya chake? Nilikaa chini, miguu nimeikunja pembeni, nikampiga picha kutoka sakafuni. Kutoka pale chini, kitu kilichokuwa karibu na kamera kuliko vyote ni ule mkeka, umejaa kiunoni na mapajani mwake, na kamera ikiachiwa yenyewe hushika kilicho karibu. Kola yake ilikuwa imejikunja upande mmoja. Niliiona, lakini kuiweka sawa ningelazimika kupeleka mkono wangu karibu na kichwa chake. Nikaiacha. Nilipiga picha arobaini na tatu hivyo hivyo, nimeinamisha macho, nikinong'ona asante baada ya kila moja.

Katikati niliangalia kioo cha nyuma cha kamera. Niliona giza pale uso ulipopaswa kuwa. Nikajiambia ni kioo tu, kwamba jua linakipiga. Mzee akaniuliza, mwanangu, imetosha? Nikanong'ona, imetosha.

Jumatatu, wakati wa mapumziko ya mchana, nikazifungua kwenye kompyuta ya maktaba ya shule. Dada, sijawahi kuona kitu kilichotoka vizuri kama mkeka ule. Kila ukindu unaonekana. Unaona pale uliposhonwa tena baada ya kimbunga, unaona nyuzi zilizobadilika rangi kwa mafuta ya nazi ya miaka yote ile. Na juu yake kuna umbo jeusi la mtu lisilo na macho. Zote arobaini na tatu. Nilijaribu kuongeza mwanga kwa kompyuta, uso ukatoka wa kijivu kama jivu la jikoni, wenye ukungu, hauna mtu ndani yake. Kengele ikalia nikiwa bado nimekaa. Nilichelewa hesabu kwa mara ya kwanza tangu nianze shule hii.

Wiki iliyofuata, Jumatatu tarehe 2, Mzee Filimone alifariki. Mama Lupe alimpelekea chai akamkuta ametulia. Bila shaka Bibi amekwisha kukusimulia mazishi kwa simu, watu walivyojaa, nguruwe walivyochinjwa. Sidhani amekuambia habari ya fremu. Mama Lupe alikuwa amenunua fremu kubwa ya mbao mjini, nao wakaisimamisha mbele ya jeneza, ikiwa tupu, kwa sababu nilikuwa nimewaambia kwamba mashine ya kusafishia picha imeharibika. Mashine haikuwa imeharibika. Watu walipita kuinamisha vichwa mbele ya kioo kitupu. Shangazi mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba mzee ameshinda, amekufa na kiganja chake juu. Wakacheka huku wakifuta machozi. Mimi nilikuwa nimekaa nao, nimevaa mkeka wangu wa kiunoni uliochakaa kama wafiwa wote, na sikuweza kucheka wala kulia. Mkeka wake ule alizikwa nao.

Jumanne ya wiki hii nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa Mama Lupe. Nilikaa mlangoni, nikamwambia picha ziliharibika zote, kosa ni langu, mashine ni nzima. Nikampa moja niliyoisafisha. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu, akasema, huu ni mkeka wangu, mume wangu yuko wapi? Nilidhani atanifukuza. Badala yake akanivuta, akakilaza kichwa changu mapajani mwake, akasema nisilie, mimi ni mtoto, kamera ni mambo ya kujifunza, na wala sikuwa najua. Alisema hivyo mara mbili, wala hukujua, mwanangu, ungejua mapema ungetuambia.

Sasa nimefika pale nilipochana karatasi zile tatu.

Nilijua, Dada. Nilijua Jumatatu. Jumanne, siku moja baadaye, Mama Lupe alinisubiri barabarani nikitoka shule. Aliniuliza picha zimetokaje. Akaongeza, huku anacheka, kwamba mzee wake ameonja utamu wa kupigwa picha, sasa anajiona mfalme, na amesema kama yule mtoto hakuridhika, Jumamosi hii atakaa tena, hana neno, hata upande wa dirishani atakaa akiambiwa. Dada, alisema hivyo. Hata dirishani. Nadhani mzee aliona nilivyokuwa nahangaika pale chini na akaelewa kila kitu, akanitengenezea njia bila kunitia aibu. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, ndiyo, akae tena. Nami nikaogopa kwamba Mama Lupe atauliza kwa nini, na nitalazimika kusema kwamba zimeharibika, na watu watajua kwamba mimi si mpiga picha. Nilikuwa nimevaa kiekie yake. Nikasema, Mama, zimetoka vizuri sana, asisumbuke.

Jumamosi hiyo nilipita mbele ya nyumba yao nikitoka dukani. Mzee alikuwa barazani. Aliniinulia mkono, si kiganja kile cha kuzuia, bali cha kunisalimu. Nikainama, nikapita haraka. Alikuwa amebakiza siku mbili za kuishi.

Basi ndilo hilo. Mama Lupe amenisamehe kosa ambalo si lile nililolifanya. Tangu Jumanne ananiletea chakula. Jana alileta lu, nyama iliyopikwa ndani ya majani ya magimbi, akaniambia nimekonda. Siwezi kuimeza. Nasoma ukurasa mmoja mara tano na sijui nimesoma nini. Bibi anadhani ni mitihani.

Hapa niliweka kalamu chini na kutoka. Sasa ni alasiri, na nakuandikia nilichokifanya, bila kuongeza kitu.

Nilichukua kamera na kiekie nikaenda. Mama Lupe alikuwa ndani anapasua ukindu. Nilikaa pale pale mlangoni, nikamwambia kwamba nilijua tangu Jumatatu, kwamba siku ile barabarani nilimdanganya, na kwamba nilifanya hivyo ili nisidharauliwe. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Nilikuwa nimeyakariri njiani, kama neno la kanisani, na sikukwama.

Aliendelea kupasua ukindu mmoja mpaka mwisho, kisha mwingine. Halafu akaomba azione zote. Nikampa kamera nikamwonyesha kidude cha kubonyeza. Alizipitia moja moja, arobaini na tatu, na kwenye moja akaweka kidole juu ya kioo mahali fulani pa mkeka ambapo ukindu umepishana vibaya, akasema hapa nilikosea, nilikuwa na mimba ya Vika, nilikuwa natapika. Hakuwa anaongea na mimi.

Aliponirudishia kamera alikuwa anatazama barazani. Akasema, Jumamosi ile alikaa pale kutwa nzima. Hakuwa na kazi yoyote.

Nikamwekea kiekie kwenye mkeka mbele yake. Hakuigusa. Nilipoinuka akaniambia nikae kwanza. Alikwenda chumbani akarudi na daftari lenye anwani za watoto wake wanne. Akasema wanaisubiri picha ya baba yao, kila siku wanapiga simu, na yeye hana nguvu ya kuwaambia. Mimi nasoma vizuri, basi naandika vizuri pia. Niwaandikie. Niwaandikie kila mmoja barua yake, nisinakili moja kwa wote, na niandike yote niliyomwambia leo. Nikimaliza niende nyumbani kwetu nikakae na bibi yangu, na chakula cha kesho hataleta.

Nimenakili anwani. Nimemwambia Bibi. Alikaa kimya, na unajua Bibi hanyamazi. Kamera nimeirudisha ndani ya kisanduku chake pamoja na kitabu. Tafadhali usiniulize kuihusu kwa sasa, na ule mkanda mpya wa kuivalia shingoni ulioahidi usinunue.

Barua ya kwanza, ya Vika, ambaye ndiye mkubwa na yuko Brisbane, nimekwisha kuiandika kabla ya kuimalizia hii yako. Sikujua nianze vipi, kwa hiyo nilianza kwa kumjulia hali, halafu nikaandika kwamba picha za baba yake ziliharibika mikononi mwangu, nilijua siku ya tatu, nilidanganya siku ya nne, na baba yake alikuwa tayari kukaa tena. Zimebaki tatu. Nitazitia posta zote Jumatatu pamoja na hii.

Bibi anakusalimu na anasema uvae soksi. Mbwa na watoto wake hawajambo. Uniombee ukikumbuka.

Mdogo wako,
Toakase