Mjukuu Wangu Ananificha Kazi Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana mimi ni mwalimu mstaafu, nimeshika chaki hadi vidole vikaota sugu, na anayenikosesha usingizi ni mjukuu wangu wa miaka minne.

Binti yangu alimpeleka shule ya Montesori, hizi chekechea ambazo mtoto hujichagulia kazi, bila kunishauri, nami nikanuna, kwa sababu kila nikimuuliza mtoto leo mmesoma nini ananijibu amemimina maji, au amefuta meza, na siku moja akasema amekunja vitambaa, nikamwambia mama yake waziwazi kwamba wanamfundisha uyaya, naye akanijibu nikakae kwanza darasani ndipo niongee, basi nikaenda, na sitakuficha, nilikwenda kuwakamata na makosa.

Mshauri, nilichokikuta sicho nilichokitarajia. Chumba kimejaa watoto na hakuna kelele, wala hakuna anayewanyamazisha, wa miaka mitatu wamechanganyika na wa miaka sita, kila mmoja ametandika mkeka wake mdogo na anafanya kazi aliyoichagua mwenyewe kwenye rafu fupi, mmoja anapitisha kidole juu ya herufi za karatasi ya msasa huku akitamka sauti yake, mwingine anamimina maji kutoka jagi la kioo, la kioo kweli, na akiyamwaga anakwenda mwenyewe kuchukua kitambaa, na mwalimu wao amekaa kwenye kigoda anaangalia tu. Mimi niliyezoea kupaza sauti mpaka darasa la jirani linanyamaza nilitamani kulia, nikajiuliza miaka yote ile nilikuwa nafanya nini.

Mjukuu wangu alikuwa na kibao kinene chenye matundu, na vipande vya mviringo vya unene tofauti, kila kimoja na tundu lake, akakosea, mwisho akabaki na kipande kinene na tundu jembamba, akavitoa vyote akaanza upya, akakosea tena, na hakuna aliyemwambia amekosa, kibao chenyewe kilimwambia. Akakishika kile kinene, akakitazama. Hapo mkono wangu ulikwenda wenyewe, nikakichukua, nikaondoa chembamba kilichokalia tundu lake, nikakitia panapostahili, nikasema, "Hapa, mama." Hakulia. Alirudisha kibao kwenye rafu, akakunja mkeka wake.

"Bibi," akaniambia taratibu, "sasa kazi umeifanya wewe."

Tangu siku hiyo, nikiingia chumbani anafunika mchoro wake kwa mikono miwili, na akivaa sweta ananigeuzia mgongo nisione anavyofunga vifungo. Binti yangu anataka nimwombe mtoto msamaha. Mshauri, mtu wa umri wangu nimwombe radhi mtoto ambaye bado anavaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia? Na nikikataa, ndiyo nimempoteza?

Mwalimu Mstaafu


Shikamoo, mwalimu. Nimetanguliza shikamoo kwa sababu yanayofuata hayana adabu nyingi.

Ulikwenda kuwakamata wenzako, ukanaswa wewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, pole. Lakini hilo la kujiuliza ulikuwa unafanya nini miaka yote liache. Ulipewa darasa lililofurika na ubao mmoja, ukafundisha ulivyoweza, na mimi nimejua kuandika kwa sababu ya watu kama wewe.

Sasa kosa lako. Yule mtoto hakuwa amekwama, mwalimu, alikuwa anafikiri, na kwa uzoefu wako ulipaswa kuijua tofauti. Mwenzako wa kwenye kigoda hakukaa kwa uvivu. Kumwona mtoto anakosea na kuuzuia mkono wako ndiyo kazi ngumu ya pale, na namvulia kofia. Vifaa vile vimechongwa ili vimsahihishe vyenyewe, asiishi akitafuta jibu kwenye uso wa mtu mzima. Na huo unaouita uyaya, mama, ndio unaozoesha vidole kutulia kabla ya kushika penseli. Hukuuona, au ulinuna mno?

Kuhusu msamaha, utaomba. Leo hii, usingoje Jumamosi. Usiombe mbele ya mama yake kama maonyesho, usimpe pipi, na usitie "lakini" ndani yake. Chuchumaa, magoti yakikataa keti sakafuni, umwambie, "Niligusa kazi yako bila ruhusa. Nisamehe." Kisha nyamaza. Heshima yako haitapungua hata punje, na yeye atajifunza namna mtu mkubwa anavyokiri kosa, somo ambalo wengi wetu hatukulipata shuleni.

Halafu kila akivaa sweta, ikalie mikono yako isimsaidie. Kifungo cha juu kitaingia tundu la pili, mtachelewa, na sweta itakaa upande. Mtoke hivyohivyo, na majirani wakitazama wasalimie. Hatakuamini kesho, wala keshokutwa, kwa hiyo usimharakishe. Ila siku atakayokuita, "Bibi, njoo," acha hata chungu kiungue jikoni. Nenda, keti karibu yake, na usiguse kitu.