Kijiko cha Kwanza

Rumonge,
Tarehe 9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Evangelina,

Amahoro. Natumaini wewe na nyumba yako yote huko Kalemie mu wazima. Mimi ni Chanceline, binti wa kaka yako Josias. Ulipoondoka nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Sisi tunapumua kwa neema ya Mungu, ila amani nyumbani hakuna.

Baba anaumwa kama alivyoumwa Babu. Kilianza kichwa, akiona mwanga unaometameta, kisha mkono wa kushoto ukalegea. Juzi mvua ililowesha samaki wetu wote wa ndagala tulioanika kwenye kichanja, naye ameketi hapo hapo akiwatazama.

Baba mkubwa Éphraïm anasema ni sumu, na mpishi ni Mama. Kwa hiyo kila mlo Mama anaonja kijiko cha kwanza mbele yake. Baada ya Pasaka ndugu watakaa kikao ili wamrudishe kwao Minago. Naogopa sana, kwa maana najua ndivyo walivyokufukuza wewe, uliyempikia Babu hadi akafa.

Lakini daktari wa Bujumbura alipiga picha ya ubongo. Alisema mishipa midogo ya damu imekuwa minene, na ubongo unakufa kidogo kidogo kwa kukosa damu. Si sumu, ni ugonjwa wa kurithi. Hauponi, ila Baba akidhibiti presha na kuacha sigara, atajikinga kidogo. Baba mkubwa alijibu kwamba daktari hali chakula chetu.

Daktari alisema pia kwamba kila mtoto wa mgonjwa anaweza kuurithi au kuukwepa, nusu kwa nusu. Siku hizi kichwa kikiniuma darasani, nashika dawati kwa mikono miwili. Wewe nawe, Shangazi, kama kichwa kinakuuma hivyo, usifiche. Mwone daktari.

Jana Mama alipotaka kuonja, Baba alimshika mkono akachukua kijiko mwenyewe. Akamwambia kaka yake, "Evangelina hakuua baba yetu. Na huyu hataniua mimi." Akala.

Leo Baba hakumbuki kwamba alisema hivyo. Njoo kwenye kikao, Shangazi. Wewe hujampikia Baba hata siku moja tangu uondoke, na ugonjwa ni ule ule. Wakikuona wataelewa.

Mama na mdogo wangu Providence wanakusalimu. Nisalimie mume wako Hyacinthe na dada Benita. Mungu akuvushe ziwa salama. Kijiko chako cha kula nasi nimekiosha, kiko mezani.

Mwanao akupendaye,
Chanceline