Dakika Nane za Baba

Beijing, 9 Oktoba 2008

Baba, shikamoo. Natumai kifua kimetulia na dawa unazimeza, siyo kuzificha chini ya godoro. Mimi mzima, ila usingizi haba. Ningepiga simu, lakini najua husikii vizuri na hutaki kukiri.

Filamu tuliyopiga hapo kijijini imekwisha, na ni nzuri, Baba, nzuri kweli. Wakubwa wa vibali wameitazama. Wanasema tutapata kibali tukiondoa dakika nane, zile ambamo unasimulia jinsi shimo la mgodi lilivyozibwa na baba mdogo Desheng bado anaongea ndani. Bila kibali hakuna jumba la sinema litakaloipokea. Mwongozaji amechoka, anasema tukate. Lakini mwenye kutia sahihi ni mimi, mtayarishaji. Miaka kumi na moja nimeihangaikia kazi hii, na sijui nishike lipi.

Binti yako, Yuemei

Shitouwan, 21 Oktoba 2008

Marahaba, mwanangu. Kifua kinakohoa chenyewe, mimi sijambo. Masikio yangu yaache.

Kata. Watu hapa walidhani mtayarishaji ni bosi wa kukaa kwenye kiti. Nikawauliza, mlimwona nani akipika tambi za watu thelathini alfajiri, akambembeleza mzee Pang afungie nguruwe wake wasipige kelele, halafu akapanda paa kushikilia taa? Najivunia wewe mpaka naona haya. Usiyatupe hayo yote kwa maneno ya mzee mmoja.

Tena nikuambie ukweli, siyo kwa ajili yako tu. Mama yako mdogo Xiuzhen hajui. Nilimwambia kwamba mumewe, Desheng, alikufa papo hapo, hakuhisi kitu. Miaka kumi na saba nakula kwake na uongo huo. Siku ile mbele ya kamera yalinitoka tu. Kata, yaishe.

Baba yako

Beijing, 15 Desemba 2008

Baba, shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu. Umevaa koti nililokuletea, au umempa mtu?

Sikukata. Nimewajibu wakubwa kwamba kibali nakiacha. Kampuni mbili zilizotaka kufanya kazi nami hazipokei tena simu zangu. Nililia siku moja, kisha nikaendelea. Wapo wenye kumbi ndogo, wapo walimu wa vyuo, tutaionyesha huko.

Ila sitaionyesha kwa yeyote mpaka umwambie mama mdogo kwa kinywa chako. Asije akayasikia ukutani pamoja na wageni. Ukisema huwezi, nitaifungia sandukuni, na sitakulaumu. Wenzangu wamekubali, japo shingo upande.

Binti yako

Shitouwan, 6 Aprili 2009

Yuemei, hujambo mwanangu? Usidhani nimekufa. Miezi hii yote nilikuwa nimekukasirikia, mtoto mkaidi wewe. Kila nikienda kwa mama yako mdogo nakula tambi zake, narudi na maneno yangu vilevile.

Juzi tulikwenda kufagia makaburi. Tulipomaliza kung'oa majani kaburini kwa Desheng nikamwambia. Yote, hata kwamba wakubwa walitaka ukate maneno yangu nawe ukakataa. Kwamba alikuwa hai siku moja na nusu, kwamba nilimsikia kupitia mawe, na kwamba wakubwa wa mgodi walipoamuru shimo lizibwe na mimi nilibeba matofali. Hakunipiga. Aliketi chini akauliza, "Alisema nini?"

Hilo hata mbele ya kamera sikulisema. Nikamjibu, "Alisema usimuuze punda."

"Shemeji," akasema, "nilimuuza wiki ileile."

Akacheka, kisha kicheko kikageuka, akalia mpaka nikaogopa. Tukateremka mlima, yeye mbele, mimi nyuma. Nilijua undugu wetu umekwisha, nikajisemea basi, nimejitakia.

Alipofika mlangoni akageuka. "Mwambie Yuemei aje nayo," akasema. "Wale walimziba mume wangu, na sasa walitaka kumziba tena. Huyo mtoto ndiye pekee aliyekataa."

Njoo basi, binti yangu. Shuka la kuonyeshea filamu amekwisha kulifua.

Baba yako