Siri ya wifi ya kutonunua sabuni

Mwenzangu uko wapi? Acha hayo unayofanya, usome.

Unakumbuka wifi, mke wa kaka, anavyotutambia kwamba mwaka mzima hajanunua sabuni ya kufulia? "Ni akili tu, wala si uchawi." Leo hizo akili nimeziona kwa macho yangu!

Amekuja kumjulia hali mama. Mama yuko hoi kitandani, mgongo umemkaza. Wifi kaingia na begi kubwaaa, mpaka mama wa watu akainua kichwa kwa shida. "Jamani mwanangu, umejisumbua na mizigo yote hiyo?"

Mizigo! Kafungua zipu mbele ya mgonjwa. Mashuka. Mapazia. Soksi za kaka zimekakamaa kama mbao. MASHUKA, mwenzangu! Hata chungwa moja hamna.

"Nimeona nisikae bure, nifuefue kidogo."

Kidogo! Kamimina sabuni yetu kwenye mashine kama inatoka bombani. Mashine inanguruma hadi kitanda cha mama kinatetemeka, na yeye kajibweteka sebuleni ananifundisha mimi kubana matumizi. Mimi!

Kuaga sasa. Kamshika mama mkono, uso wa huruma: "Ugua pole, mama. Jumatano nakuja tena kukuangalia."

Mama kamtazama. Katazama na lile begi. Mwanamke ambaye tangu Jumapili tunamgeuza sisi kitandani, si ameshuka mwenyewe! Kasimama wima kama askari.

"Usijisumbue, mwanangu. Nimepona."