Kisiki Kwanza

Baba,

Ni mimi Masika, binti yako wa kwanza. Tumekuzika Masereka, kwenye baridi uliyoipenda, si hapa Bungulu walipokuulia. Fundi alileta sanduku la mbao za libuyu, ule mti mkubwa wa msituni, jekundu, zuri. Mama alilizunguka, akauliza kisiki chake kiko wapi. Fundi akalibeba, akarudi nalo. Basi umelala katika mbao za mikaratusi uliyoipanda mwenyewe.

Nakumbuka uliponipeleka msituni nikiwa mdogo. Kazi yako ilikuwa kuthibitisha kwamba mti umekatwa kwa ruhusa. Ulichukua nyundo ya serikali, ile yenye herufi usoni, ukapiga kisiki kwanza, kisha gogo. "Gogo bila kisiki ni mutoto wa kuibwa, Masika." Ukaniacha nitie kidole ndani ya alama mbichi. Kilinata utomvu.

Vita ilipofika, wanajeshi waliingia msituni na misumeno ya mota. Lakini wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka bado walitaka alama ile. Ndiyo maana komanda wao alikuja kwetu mchana na watu wake, sufuria ya majani ya sombe ikiwa motoni.

"Wee muzee, leta marteau. Hapana cheza na sisi."

"Marteau iko pale," ulimjibu, ukimwonyesha nyundo. "Mutu wa kuipiga, hapana."

Walikuvunja vidole kwa nyundo hiyohiyo. Kisha kichwa. Baba, siwezi... Mmoja aligeuza upande wa herufi, akakupiga begani, akacheka: "Sasa na yeye iko na kibali." Mama alipokuosha alizikuta herufi pale, zimekuwa bluu. Alisugua, akasugua, hadi shangazi akamshika mkono.

Waliondoka na nyundo. Baada ya siku chache malori yalianza kupita kwenda mpakani, kila gogo na alama yako. Nje ya kanisa watu wakanong'ona: "Lakini, si ni alama ya marehemu? Alikula nao, kisha wakagombana." Mama akaacha kwenda misa.

Nilimwomba katekista twende msituni. Alikuwa na woga, lakini alikuja. Visiki vilisimama kama shingo zilizokatwa. Nilipitisha kidole juu ya kila kimoja. Hakuna alama. Wale walijua kupiga gogo tu. Hawakujua kwamba wewe ulianza chini. Katekista alivua kofia. Jumapili alisimama mbele ya wote: "Nimeona visiki. Ndugu yetu hakuvipiga." Wanawake walikuja nyumbani kumshika Mama mikono.

Msitu haukurudi, Baba. Malori bado yanapita. Lakini lori likisimama kwenye barrière, kizuizi cha wanajeshi barabarani, nauliza kwa nguvu, wote wasikie: "Kisiki chake kiko wapi?" Wanajeshi wananitukana matusi mabaya. Jana mama wawili wanaouza vitunguu waliuliza pamoja nami.

Sitaacha kuuliza. Lala, Baba. Alama ya begani ni yao. Ile yako, kidole changu bado kinaijua.

Masika