Kifuniko cha bidoni

Columbus, Jumanne, Januari

Si mke wangu. Ni mimi.

Asubuhi gari ilizimika Morse Road, nikimpeleka Neema kazini Gahanna kwa yule mzee anayemhudumia. Nikamfokea mbele ya watoto: "Kila siku unaacha tangi tupu! Kwa baridi hii unyevu unaganda ndani yake, unadhani tuko Uvira?" Alishuka, akatembea kwenye theluji hadi kituo cha basi.

Fundi, Mtanzania mmoja, aliivuta gari ndani ya gereji yenye joto, akachota mafuta kidogo ya tangi, akayatia kwenye chupa. Chini yalikaa maji.

"Kaka, haya ndiyo yaliganda kwenye bomba. Mengi mno. Mafuta ulitoa wapi?"

Bon, basi, nikakilaumu kituo cha mafuta.

Kumbe ni bidoni yangu, lile dumu la mafuta nyuma ya nyumba. Tangu enzi za Uvira, kule Kongo, silali bila akiba ya mafuta, Neema hunicheka. Jumapili niliimimina yote kwenye tangi. Leo ndipo nilipoangalia kifuniko: kina ufa, na theluji ilikuwa ikiyeyukia humo wiki nzima iliyopita.

Nimeitupa kwenye pipa la jengo la jirani, kama mwizi.

Neema alirudi jioni, soksi zilizolowa mkononi. Akasema mzee alimsubiri kitandani hadi saa tano, amejilowesha, analia. Nikafungua kinywa nimwambie ukweli wa bidoni. Akanitangulia:

"Baba Furaha, unisamehe. Kuanzia sasa nitajaza tangi."

Nikamjibu, "Nimekusamehe."